Mstari wa Kumi

"Unamwimbia nani, Eliezer?"

Nereida alimdaka nyuma ya jukwaa kabla hata hajaweka gitaa chini. Uwanja mzima wa mji wa Jayuya ulikuwa bado unampigia makofi. Lakini yeye maneno yale yalikuwa yanamchoma kifuani: *Rudi, nifute machozi, mlango wangu u wazi.* Na aliyeshika kofia jukwaani alikuwa nani? Migdalia! Mpenzi wa zamani, karudi juzi tu kutoka Orlando, gauni limembana hadi pumzi.

"Simwimbii mtu, mpenzi. Kofia ndiyo imenipa."

"Na macho je? Kofia ndiyo ilikuambia umkodolee vile?"

"Nere, wewe mwenyewe mtunzi. Watu wanaandika vikaratasi, wanavitia kwenye kofia, unachomoa kimoja, hicho ndicho mstari wako wa kumi. Tisa unaitunga hapo hapo. Sasa bahati naipangia mimi?"

Kweli, Nereida akawaza. Raha ya mashindano yale ya mashairi ndiyo hiyo: hujui utapewa nini, akili inashtuka, mara unaimba vitu ambavyo hukujua unavyo. Akajiona mjinga. Harusi Jumamosi, halafu yeye anaionea wivu kofia!

"Nisamehe. Wivu utaniua mimi."

"Nimeshakuzoea," Eliezer akacheka, akambusu shavuni.

Akatokea Don Cheo, mshereheshaji.

"Nereida, binti yangu, zamu yako. Na wewe Eliezer, lete kikaratasi, waamuzi wanakitaka."

"Nimekitupa, Don Cheo."

"Muongo huyu! Si hiki hapa?" Nereida akakichomoa kwenye mfuko wa shati lake, huku anacheka. Akakisoma. Kicheko kikakatika.

"Eliezer. Huu mwandiko wako."

"Nere, ngoja..."

"Ningoje nini? Miaka mitatu unaniandikia barua, nisiujue mwandiko wako? Umekuja nacho kutoka nyumbani, ukajifanya umekichomoa!"

Don Cheo akavua miwani. Mji ule ulisamehe walevi na wagomvi, lakini mtunzi wa kujiandikia mstari wake mwenyewe, huyo hapana.

"Ni kweli, kijana?"

Eliezer akainamisha kichwa. "Nilitaka tu kujua kama Migdalia bado ananikumbuka."

"Kwa hiyo bahati umeifanya kuwadi wako," Nereida akasema. "Na mimi nimekuomba msamaha. Mimi!"

Akapanda jukwaani. Migdalia akamnyooshea kofia, tabasamu hadi masikioni.

"Haya dada, chomoa."

"Kaa nayo. Nataka mstari ule ule wa Eliezer."

Watu wakapiga miluzi. Kichwani hana hata neno moja. Gitaa zikaanza, akafumba macho, akafungua mdomo hivyo hivyo. Maneno yakaja yenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka akafika mwisho:

*Sishindani na wapenzi,*
*pakia yako mavazi,*
*nenda, sina pingamizi:*
*mlango wangu u wazi.*

Uwanja ukalipuka. Migdalia akabaki na kofia yake mkononi, hajui aishike au aiweke.

Nereida hakusubiri zawadi. Hajafika hata kwenye gari, ujumbe ukaingia: "Nere, rudi tuongee. Lile lilikuwa shairi tu. Nakupenda."

Akajibu: "Langu halikuwa shairi tu."

Mara simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu! Nguruwe wa Jumamosi ameletwa, mkubwa huyo! Mchinjaji yuko hapa, nimwambie nini?"

Nereida akaegemea gari. Kilio kikatoka chote.

"Nere? Nini tena? Ni Eliezer?"

"Harusi hakuna, mama."

"Basi huyu nguruwe nimrudishe?"

"Asirudi," Nereida akajifuta kamasi kwa mkono. "Waite shangazi wote, mama. Nakuja. Leo sitaki kula peke yangu."