Nzuri, Ila

Kila asubuhi, saa moja kamili, Kigawa kilipiga hodi katika nyumba zote za Mji wa Ihefu kwa wakati mmoja. Hakikuwa na miguu wala mikono. Kilikuwa akili mnemba iliyowekwa chini ya bwawa kuu, na sauti yake ilitoka kwenye kisanduku cha shaba kilichofungwa juu ya bomba la kila jiko. Kiliuliza habari za maji, kikasikiliza jibu, kikaenda zake. Nyumba iliyojibu kwamba mambo ni mazuri ilipunguziwa maji kesho yake, kikombe hivi, na hicho kilichopunguzwa kilirudishwa mtoni. Nyumba iliyolalamika iliongezewa. Hivyo ndivyo Kigawa kilivyotafuta, siku baada ya siku, kiasi kidogo kabisa ambacho binadamu anaweza kuishi nacho bila kunung'unika. Mto uliokuwa ukikauka kila kiangazi sasa ulitiririka mwaka mzima, viboko wakarudi, na wageni wakaja kutoka mbali kuwapiga picha.

Basi sifa zote zilikwenda kwa Kigawa. Lawama, zikitokea, zilikuwa za watu.

Safari hii lawama ziliuangukia Mtaa wa Uhamila, mtaa wa kale ulio upande wa chini wa mji, wenye wazee wengi. Maji ya mtaa huo yalikuwa yameshuka mpaka kila mtu akawa anapata ndoo moja isiyojaa kwa siku, hiyohiyo ya kunywa, kupikia, kufulia na kuogea. Na bado, kila asubuhi, mtaa mzima ulijibu kwamba mambo ni mazuri. Mhandisi Sekela Mwaipasi, mkaguzi wa maji, alilitazama jambo hilo akacheka kicheko kikavu. Binadamu gani hao wasiolalamika? Yeye aliwajua watu. Asiyelalamika amepata pengine. Walikuwa wametoboa bomba la kurudisha maji mtoni mahali fulani, na akithibitisha tu, mtaa wote utafungiwa maji jioni hiyohiyo na wakazi wake watahamishiwa uwandani, kwenye vumbi, wakaishi kwa maji ya gari. Sheria ndivyo ilivyosema, na Sekela hakuwa mtu wa kuionea sheria haya.

Alifika kabla ya saa moja, makusudi, wasipate muda wa kuficha kitu. Mkononi alishika kinusamaji, kifaa chenye ukubwa wa mwiko kinachonusa maji hata yakiwa nyuma ya ukuta. Alianzia kwa Mama Ndelwa, mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibu, pita ndani."

Nzuri! Sekela aliingia huku macho yakizunguka kila pembe. Hakukuta hata kikombe cha maji ya kumkaribisha mgeni, aibu kubwa kwa nyumba ya mtu mzima, na mwenyeji wake alikuwa akikwepa kumtazama usoni. Uani majirani wawili waliokuwa wakizungumza walinyamaza ghafla. Hawa wamepanga maneno, alijisemea. Midomo ya mama yule ilikuwa imekauka na kupasuka, lakini hata hilo Sekela hakulipokea. Mtu anaweza kujipaka majivu.

Walipopita ukumbini, kinusamaji kikaanza kulia taratibu. Mbele ya mlango wa chumba cha mwisho kikapiga kelele. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Humu mna nini, mama?"

"Humo paache, mwanangu."

"Fungua."

Mama Ndelwa aliwatazama kwanza majirani zake, waliokuwa wamewafuata ndani, kisha akafungua fundo la pindo la kanga yake akatoa ufunguo. Chumbani mlikuwa na kitanda kitupu na pipa moja la bluu, limefunikwa kwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Sekela akalivuta lile shuka. Maji. Yamejaa mpaka ukingoni, safi kabisa. Moyo ulimdunda kwa furaha, ile furaha mbaya ya mtu aliyemfumania mwenzake.

"Bomba liko wapi?"

"Hakuna bomba. Haya ni maji yetu. Kila nyumba inatoa kikombe, kila inapoweza."

"Mnakauka midomo, halafu mnafungia pipa zima chumbani? Nitaamini vipi hilo?"

Aliyejibu ni mmoja wa wale majirani, mwanamume wa makamo aitwaye Mgaya, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ni ya kuoshea maiti, dada."

Mama Ndelwa akaketi kwenye kile kitanda kitupu.

"Mume wangu aliugua figo," alisema. "Daktari alimwambia anywe maji mengi. Nikampa ya kwangu, na hawa wakaleta ya kwao. Hayakutosha. Alipofariki, hata ya kumwosha hatukupata. Tulimpangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kama unavyofuta meza. Tukasema basi, hapa hazikwi mtu mwingine namna ile. Wazima tutavumilia."

Uso wa Sekela ulimwaka moto. Lakini tuhuma ni kitu king'ang'anizi, haikumwachia hapohapo.

"Mbona hamkusema? Kigawa kinawauliza kila siku."

"Tunasema kila siku," alisema Mama Ndelwa kwa mshangao. "Chenyewe ndicho kisicho na huruma."

"Mama, majibu yenu yamehifadhiwa yote. Ni nzuri tupu."

"Basi ngoja usikie mwenyewe."

Hawakungoja sana. Jikoni taa ya kijani ikawaka kwenye kisanduku cha shaba.

"Hodi. Shikamoo, mama," kilisema Kigawa.

Kilikuwa na adabu, na adabu hiyo kilifundishwa. Mwanzoni kiliuliza moja kwa moja kama maji yanatosha, na watu wakachukia. Chombo gani hiki kinachomvamia mtu jikoni mwake bila salamu? Mafundi wakakipa salamu, na mji mzima ukafurahi.

"Marahaba," alijibu Mama Ndelwa.

"Habari za maji?"

"Nzuri," alisema, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa akaleleka. Akavuta pumzi. "Ila..."

"Nimefurahi kusikia hivyo. Siku njema."

Taa ikazimika. Maana ya taa ile, kwamba ikizimika Kigawa hakisikii tena, waliijua mafundi peke yao, na Mama Ndelwa aliendelea kukiambia kisanduku, taratibu, kwa heshima zote: "Ila ni machache, baba. Mtoto wa Mgaya anaharisha. Wazee wa nyumba ya pili wana wiki hawajaoga. Tuangalie na sisi." Dirisha lilikuwa wazi, na Sekela akazisikia nyumba za jirani nazo zikisema. Ila mgonjwa wetu. Ila yanatoka kidogo. Ila, ila, mtaa mzima, mbele ya visanduku vilivyokwisha kuzimika.

Kule juu ghorofani alikoishi Sekela, salamu ya Kigawa haikujibiwa na mtu. Watu walisema "Ongeza" huku wakipiga mswaki, naye mmojawapo, wakaongezewa. Hawa walianza na uungwana, na neno la kwanza ndilo lililobebwa. Mtoto gani wa nchi hii asiyejua kwamba habari yenyewe huja baada ya nzuri? Alilijua hilo tangu akinyonya. Na bado alikuwa ameyasoma majibu yao miezi mingapi, akaona wezi.

Simu ya sikioni ikaita. Alikuwa Mhandisi Mkuu, Mzee Lwitiko, aliyekuwa akingoja neno lake tu aufunge mtaa.

"Sekela, habari za huko?"

Neno lilikwisha kufika kwenye ulimi, lenyewe, bila kuitwa. Akalimeza.

"Mbaya," alisema.

Jibu la namna hiyo halitolewi hivihivi. Mzee Lwitiko alipouliza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kuna msiba?"

"Upo, mzee," alisema Sekela. "Usikate simu. Bado sijasema."