Mbingu Nyekundu Juu ya Chaza wa Matagorda

Usiku huo mjinga alikuwa Mutuku, na hata yeye hakatai. Nesi mzima wa mji wa Katy, karibu na Houston, miaka kumi wodini, aliendesha boti ya kukodi kwa mkono mmoja katika ghuba ya Matagorda, mkono wa pili umeinua simu amwonyeshe mamake, aliyekuwa ndio anaamka Machakos, jinsi mbingu inavyowaka.

Na iliwaka kweli. Chembe za nguvu zilizotemwa na jua tangu juzi zilikuwa zikigonga hewa ya juu, na kaskazini kote kukatanda wekundu uliochanwa na michirizi ya waridi. Shemeji yake Wawira, mwanafunzi wa chuo Houston, alikuwa amepiga magoti kwenye kisanduku chake cha vipimo, akirekodi jinsi ionosfia, tabaka la juu la hewa, inavyovuruga mawimbi ya setilaiti.

Ramani ya boti, inayoongozwa na setilaiti, ilisema wako katikati ya mkondo. Chaza waliojazana chini ya maji wakasema hapana. Boti ikakwaruza, ikaruka, ikakwama. Simu ikazama, mama akiwa bado anaongea. Mutuku akashuka kusukuma. Magamba yakampasua kigimbi hadi nyama ikaonekana.

Akarudi ndani. Majeraha ya chaza aliyajua. Bakteria wa maji yale ya joto humaliza mguu kwa siku moja.

"Lete mguu," Wawira alisema, akifungua chupa ya maji.

"Hayo ndiyo ya kunywa yaliyobaki."

"Utakunywa ukiwa na miguu miwili."

Akamwaga yote, akakaza leso. Akaita msaada kwa redio; waokoaji wakauliza walipo. Mutuku akaanza kusoma namba za ramani. Kabla hajamaliza, zikaruka.

"Achana nazo." Wawira akamulika tochi gizani. "Nguzo nyekundu, namba kumi na nane. Tuko mashariki yake, hatua arobaini."

Maji yakapwa, boti ikalala ubavu. Koo zilikauka. Juu yao wekundu ukageuka zambarau, na Mutuku akajikuta anacheka.

"Nikikatwa huu mguu, angalau niliupotezea mahali pazuri."

"Uinue juu, shemeji. Na uache kuhubiri."

Taa za waokoaji zikaja moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Dripu ikaingia mkononi. Mguu, wakasema, utapona. Mutuku, mzoefu wa kuamuru wagonjwa, alitii kila neno. Lakini mdomo wake haukuwa na jeraha.

"Wewe ndiye mtaalamu, Wawira. Ungenionya kwamba ramani itadanganya leo."

"Nilikuonya mara tatu. Mama yako akanisikia huko Machakos, akakuonya ya nne."