Njiti Kwenye Dari

Nina rafiki yangu fundi, na ufundi nimemfunza mimi. Alificha mabomba ya kunusa moshi na kupigisha king'ora juu ya dari ya kanisa kongwe, kisionekane kitu ila vitundu vya kupenya njiti ya kiberiti. Tundu la chumbani kwa mzee mpiga kengele, aliyelala humo kanisani, likawa linaamsha mitaa saba kila mzee akiwasha kiko.

"Mzee, utanifukuzisha kazi."

"Mwanangu, mtambo wako una pua ya mama mkwe."

Fundi akaliziba tundu lile kwa njiti. Wiki haikuisha, moshi wa godoro lililoshika moto wa kiko ukamuua mzee, king'ora kimya.

Mchana wa mazishi fundi akaingia kuichomoa njiti kabla wakaguzi wa moto hawajaiona. Chumba kilikuwa giza la masizi, na ndani ya bomba kitu kikakohoa. Akaichomoa. Ncha iliyokuwa ndani ilikuwa imetafunwa, na mate bado yanadondoka.