Gari Lililokataa Kuhama Kulia

Simu ilipolia, mdogo wangu Gesine alikuwa akimenya viazi. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, moja ya siku ambazo hakutakiwa kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa miaka sita mashine ile ilikuwa imemchukulia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zake zote. Siku zilizobaki alizitumia kwa viazi, nguo na usingizi.

Sauti kutoka kliniki ya Hannover ilimwambia kwamba figo imepatikana. Afike kabla ya saa saba mchana. Akichelewa, itapewa anayemfuata kwenye orodha.

Kutoka kijijini kwao karibu na Fulda hadi Hannover ni kilomita mia mbili na sitini. Kwa barabara ya A7, mtu mwenye gari zuri na akili timamu anafika kwa saa mbili na nusu na bado anapata nafasi ya kunywa kahawa. Saa nne na dakika tano walikuwa wameshaondoka.

Mumewe, shemeji yangu Volkmar, ni mwalimu wa udereva. Amefundisha miaka ishirini na miwili bila kuandikiwa kosa hata moja, na habari hiyo tunaisikia kila Krismasi kabla bata hajakatwa. Gari lao ni la kazi, la rangi ya bluu, lina jina la shule milangoni na pedali za pili upande wa abiria, ili mwalimu aweze kumwokoa mwanafunzi anayetaka kuua watu.

Gesine alikaa upande wenye pedali hizo.

"Leo mimi ndiye mwalimu," alimwambia mumewe. "Umekaa kiti cha mwanafunzi."

"Basi kaa vizuri na usiguse kitu."

Hadi Kassel walipoteza dakika arobaini. Mafundi walikuwa wamefunga njia mbili kati ya tatu, kisha hawakuonekana wenyewe. Kulikuwa na koni, vibao na tingatinga moja lisilo na mtu. Volkmar alitembea themanini kwa sababu kibao kilisema themanini. Malori yalimpita. Gesine alihesabu koni hadi mia nne akaacha.

Baada ya Göttingen barabara ilifunguka. Kikaja kibao cheupe chenye mistari myeusi ya kulala upande, kile kinachosema kwamba kuanzia hapa mwendo ni wako na Mungu wako. Volkmar alikanyaga. Mia na sitini. Mia na themanini. Gesine anasema hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba atapona.

Walipoipita Northeim, mbele yao kwenye njia ya kushoto kulikuwa na gari la zamani.

Nimewahoji kila mmoja peke yake, siku tofauti, na nimeandika walivyosema. Gesine anasema gari lilikuwa la kijani kibichi. Volkmar anasema la kijivu. Kwa mengine yote hawatofautiani. Lilikuwa gari dogo la umbo la sanduku, la aina ambayo baba yetu alikuwa nayo kabla hatujaanza shule, na lilikwenda kilomita mia moja na kumi na nane kwa saa. Njia ya kati, kulia kwake, ilikuwa tupu kabisa.

Volkmar alipunguza mwendo, akawasha taa ya kona ya kushoto. Gari halikuhama. Akamulika taa kubwa mara moja, kifupi, kama sheria inavyoruhusu. Halikuhama.

"Kulia ndiko kwa kukaa," alisema, kwa sauti ile anayoitumia darasani. "Kushoto ni kwa kupita. Ukishapita unarudi. Watoto wa miaka kumi na saba wanalijua hilo."

"Mpite kulia."

"Hapana."

"Njia ni tupu, Volkmar."

"Kupita kulia ni marufuku. Nikimpita na yeye akakumbuka kuhama sekunde hiyohiyo, tumekufa sote. Atahama. Mpe dakika moja."

Alimpa dakika tano. Gari la zamani likashuka hadi mia na kumi. Kisha mia. Volkmar alipoacha nafasi zaidi ili asionekane anamsukuma mtu, nalo lilirudi nyuma kiasi kilekile. Alipohamia njia ya kati ili kumwonyesha yule dereva mfano mzuri, hakuthubutu kwenda kasi kuliko yeye, kwa hiyo walitembea wakiwa nyuma kidogo ya bega lake, kama waliofungwa kamba. Akarudi kushoto. Akamulika tena.

Gesine anasema hasira ilimkausha mdomo. Alikuwa ameruhusiwa maji vikombe vitatu tu kwa siku kwa miaka sita, akavivumilia. Alivumilia sindano nene kama za kushonea viatu. Sasa figo yake ilikuwa kwenye barafu Hannover, na mtu asiyejua kuendesha alikuwa akiizuia kwa mwendo wa tisini na tano.

"Mpite, nakuomba."

"Nimesema atahama."

Hapo ndipo Gesine alipoona kuna abiria kwenye gari la mbele.

Alikuwa kiti cha nyuma, upande wa kulia. Nywele fupi. Mabega yamekaa wima. Shingoni, nyuma, palikuwa na fundo dogo la kamba nyeupe. Gesine alilitambua. Ni fundo la lile vazi la hospitali linalofungwa mgongoni, ambalo huwezi kulifunga mwenyewe.

Hakumwambia Volkmar. Alidhani ni mgonjwa kama yeye.

Magari mengine yalikuwa yamejazana nyuma yao, yakimulika taa. Moja baada ya jingine yalihamia njia ya kati na kupita kulia, marufuku au si marufuku. Kila dereva aliyepita aligeuka kumtazama Volkmar. Mmoja alijigonga kidole kwenye paji la uso. Mwanamke mmoja alishusha kioo na kupiga kelele ambazo upepo ulizichukua.

"Wananitukana mimi," alisema Volkmar. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mimi. Kwa nini hawamtukani yule?"

Gesine naye alikuwa ameliona hilo. Waliwatazama wao wawili. Gari la mbele hakuna aliyelitupia jicho.

Mwendo ulikuwa themanini. Kisha sabini.

Redio ilikatiza muziki wake kwa tangazo la barabarani. Gesine analikumbuka neno kwa neno, na Volkmar pia, ingawa hapendi kulirudia.

"Madereva wa A7 kuelekea kaskazini, kati ya Northeim na Seesen. Gari la bluu la shule ya udereva linatembea polepole mno kwenye njia ya kushoto. Mbele yake hakuna foleni. Tafadhalini muwe waangalifu."

Volkmar alizima redio.

"Wamekosea," alisema.

Mbele yao, hatua ishirini na tano, gari la zamani lilikuwa palepale. Taa zake za nyuma. Vumbi kwenye kioo. Fundo jeupe.

Abiria akaanza kugeuka. Polepole. Kwanza sikio. Kisha shavu.

"Volkmar," Gesine alinong'ona. "Saa ngapi?"

"Sita na dakika moja."

"Unajua ni nani atakayezikwa kwa ajili ya sheria yako?"

Mwendo ulikuwa sitini.

Dada yangu aliweka mguu wa kulia kwenye pedali ya mafuta ya mwalimu na kukanyaga hadi chini.

"Gesine, ondoa mguu."

"Geuza usukani au tumgonge. Chagua."

Injini ilinguruma. Hatua kumi na tano. Kumi. Volkmar aligeuza usukani kulia.

Walipita. Volkmar alitazama mbele tu, kama anavyofundisha. Gesine alitazama kushoto, kupitia mbele ya kifua cha mumewe. Kuhusu kiti cha dereva amekataa kuniambia, na nimemuuliza mara tatu. Kuhusu kiti cha nyuma aliniambia. Kilikuwa kitupu.

Volkmar alipotazama kwenye kioo, hapakuwa na gari nyuma yao. Hapakuwa na njia ya kutokea pale, wala maegesho. Palikuwa na vyuma vya pembeni na barabara.

Yanayofuata sikuambiwa na mtu. Mimi naishi Hildesheim, na tangu saa sita kasoro robo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kliniki, nikitazama saa ya ukutani na kumchukia shemeji yangu. Saa sita na dakika sita nilimpigia Gesine. Alipokea kupitia spika ya gari.

Kabla hajasema neno nilisikia mlio. Tii. Tii. Tii.

"Nini hicho?" niliuliza.

"Mkanda," alisema Volkmar. Sauti yake haikuwa ya darasani.

"Nani hajafunga mkanda?"

"Sisi tumefunga, dada," Gesine alisema.

"Basi ni nini?"

Volkmar ndiye aliyejibu. "Taa inaonyesha kiti cha nyuma. Cha kulia."

"Mmeweka mzigo hapo. Begi lako, Gesine. Litoe."

"Begi liko miguuni kwangu."

Tii. Tii. Tii. Nilimwambia Volkmar atazame nyuma. Alisema yuko kwenye mia na tisini na hawezi kutazama nyuma. Nilimwambia Gesine atazame. Nilimsikia akipumua.

Kisha nikasikia, wazi kabisa, mkanda ukivutwa. Ule mkwaruzo mrefu wa kitambaa kwenye plastiki. Halafu klik.

Mlio ukakoma.

Sikukata simu, nao hawakuikata. Kwa dakika nyingi nilisikiliza barabara tu. Karibu na Hildesheim kulikuwa na mafundi tena na kibao cha themanini, na injini ilishuka, lakini si hadi themanini. Nilimsikia Volkmar akisema, taratibu, "Wamenipiga picha." Nilimsikia Gesine akisema, "Nenda tu."

Walifika saa saba kasoro dakika nane. Volkmar alimshika mkono mkewe hadi mlangoni, kisha akarudi kwenye gari. Nilimwona akifungua mlango wa nyuma wa kulia na kuinama ndani. Nilimwona akifungua mkanda, akausindikiza kwa mkono ukirudi mahali pake. Alifanya hivyo kwa uangalifu, kama mtu anayemshusha abiria mzee.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Daktari alituambia figo ilianza kufanya kazi kabla hawajamaliza kushona. Alisema ni nadra kuona figo iliyokubali haraka hivyo. Gesine alipouliza ilikuwa ya nani, alijibiwa kama wanavyojibiwa wote: haturuhusiwi kusema. Leo dada yangu anakunywa maji anavyotaka, na sisi tunashukuru. Sitaki mtu adhani hatushukuru.

Lakini Machi tarehe kumi na tisa barua ilikuja kutoka ofisi ya faini ya wilaya. Kilomita mia moja na kumi na nane mahali pa themanini. Volkmar alinipa niiweke pamoja na hati za familia. Alisema hataki ikae ndani ya nyumba yao.

Kila aliyewahi kupata barua kama hiyo anaijua picha yake. Imepigwa na kamera ya barabarani kwa mbele, haina rangi, kupitia kioo cha gari. Uso wa dereva unaachwa wazi, kwa kuwa ndiye mwenye kosa. Wengine wote ndani ya gari hawaihusu ofisi, kwa hiyo karani huwafunika nyuso kwa kiraka cheusi kabla ya kutuma.

Volkmar anaonekana vizuri, amekaza meno. Kulia kwake, mahali pa Gesine, kuna kiraka cheusi.

Kuna kiraka cha pili.

Niliipigia simu ofisi ile. Niliunganishwa na watu wanne, na watatu kati yao walinirudisha kwa yule wa kwanza. Mwanamke niliyempata mwishoni alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Mama, sisi tunafunika nyuso tu," alisema. "Hatufuniki mabegi. Hatufuniki viti."

"Kwenye gari walikuwa wawili."

"Mimi naona viraka viwili na dereva. Hao ni watatu."

"Naomba kuona picha ambayo haijafunikwa."

"Dereva mwenyewe ndiye anayeruhusiwa. Aje na kitambulisho ndani ya wiki mbili."

Nilimwambia Volkmar. Nilimpigia kila jioni kwa wiki mbili, na ninakiri kwamba siku nyingine nilimpigia kelele. Mtu aliyewahi kubishana na manispaa miezi minane kwa ajili ya kibao kilichopinda alinijibu kwa maneno matatu, kila mara yaleyale: "Nimekubali kosa, Almut." Wiki mbili zikaisha. Picha ya asili imefutwa, kama utaratibu unavyotaka.

Kwa hiyo ninayo hii iliyofunikwa tu. Nimeipima kwa rula. Kama kiraka cha pili kingekuwa cha mtu aliyeegemea kiti chake cha nyuma, kingekuwa kidogo kuliko cha mbele, na kingekuwa juu, karibu na dirisha. Hakiko huko. Kiko katikati, baina ya viti viwili vya mbele, na ukubwa wake ni sawasawa na kile cha Gesine. Ukingo wake unagusa ukingo wa kiraka cha dada yangu, upande wa sikio.