Diski Iliyosomeka Mara Moja

Ujumbe uliingia kwenye simu bila jina la mtumaji.

"Mgeni amefika mjini. Jaketi ya buluu."

Rispah aliufuta, akapangusa meza, akangoja.

Kitale ilimjua kama fundi wa laptop, mwenye kibanda nyuma ya stendi. Hakuna aliyejua kwamba chini ya droo ya bisibisi kulikuwa na bastola aina ya Ceska, wala kwamba mkubwa wake, Chelagat, alikaa kwenye ofisi isiyo na kibao huko Nairobi.

Kazi ilikuwa moja. Sumu iliyopigwa marufuku ilikuwa ikivushwa mpaka wa Suam, kisha ikifungwa kwenye pakiti za dawa ya kuhifadhi mahindi. Kule Tongaren, watoto wanne wa nyumba moja walikula githeri ya mahindi hayo na maharagwe, wakazikwa siku moja. Mzigo uliobaki ulikuwa kwenye ghala fulani, na kesho ungeanza kugawiwa wakulima.

Ghala lipi? Hilo ndilo halikujulikana. Ila lilikuwa na kamera, na video zake zilihifadhiwa kwenye laptop ya mtu mmoja.

Hillary.

Aliingia na laptop ya ThinkPad kwapani, jaketi ya buluu imetuna upande wa kiuno.

"Madam, hii kitu inalia kama saa mbovu."

Rispah aliiwasha, akatega sikio.

Tik. Tik. Kimya. Tik.

Hard disk ilikuwa inakata roho. Ingesomeka mara moja, pengine isifike mwisho.

"Nikuwekee diski gani mpya?" aliuliza. "Hard disk ina nafasi kubwa na bei yake ni ya chini. Diski ya flash ni ndogo, lakini haina kitu kinachozunguka ndani. Haisumbuliwi na barabara."

"Mimi napanda Kapsokwony na pikipiki, hii iko kwa mgongo, imewaka."

"Ndiyo maana inakufa."

Hillary alicheka. "Na nikifuta kitu, si kinaenda kabisa?"

Rispah alipima jibu. Kwenye hard disk, kilichofutwa hubaki mpaka kingine kiandikwe juu yake; angeweza kumfuata siku nyingine akakichimbua. Kwenye flash, kompyuta yenyewe hufagia nyuma yako. Kumuuzia hard disk kungekuwa kujiwekea nafasi ya pili. Lakini mteja anayejua kidogo hunusa uongo haraka, na huyu akiondoka, ameondoka na ghala. Tena nafasi ya pili ingekuja watu wakiwa wameshakula.

"Kwa hard disk kinaweza kurudishwa. Kwa flash kinaenda kabisa."

"Basi weka flash, bana."

Hillary akavuta stuli, akakaa goti kwa goti na fundi. Alieleza kwamba mafundi wa Eldoret walimbadilishia RAM alipotoka kununua chai, kwa hivyo leo hatoki. Alichukua kalamu, akatia sahihi yake kwenye hard disk ya zamani, kisha kwenye flash mpya ya Samsung. Akazilinda zote mbili kama mtu aliyenunua mbuzi sokoni na bado hajamfunga kamba.

Hakuuliza waya mweusi uliozama katikati ya mbao za meza ulikwenda wapi.

Ulikwenda chini ya meza, kwenye flash ya pili. Kila kilichosomwa kiliandikwa pande zote mbili.

"Anza na picha za mazishi ya mamangu," Hillary alisema, sauti ikishuka. "Sina zingine."

Rispah aliiona folda kwenye kioo. Jina lake lilikuwa "Mama". Chini yake ilikuwa ya kamera.

Tik. Tik. Tik.

Macho ya Hillary yalikuwa kwenye vyuma alivyotia sahihi.

Rispah alibofya ya kamera.

"Imeanza?"

"Imeanza."

Ilikwenda kwa shida, ikikwama na kunyanyuka kama mzee anayepanda mlima. Mwishowe kitu kilikwaruza ndani, kikanyamaza.

"Imekufa," Rispah alisema.

"Na mama?"

"Hatukumfikia."

Hillary aliichukua ile hard disk. Akaitia mfukoni, upande wa moyo, akabeba laptop na flash yake, akatoka bila kuaga. Rispah hakujitetea, hata kimoyomoyo.

Akafunga mlango, akatazama video.

Mlango wa ghala ukifunguliwa. Nje, reli. Ng'ambo ya reli, tangi la maji lenye kutu. Ndani, mlinzi mzee akificha pakiti moja chini ya koti.

Tangi lile alilijua. Akapiga simu Nairobi.

"Sema," Chelagat alijibu.

"Bungoma. Kando ya reli, mkabala na tangi kuukuu."

"Una hakika?"

"Nimeliona."

"Nenda."

Gari lake, Probox, liliteremka Kimilili kama linalofukuzwa. Bungoma, vijana wa Chelagat walikuwa wameshauzingira ukuta wa ghala. Geti liliangushwa. Hillary, aliyekuwa akihesabu maboksi, alipeleka mkono kiunoni.

Ceska ya Rispah ililia mara moja.

Begani. Bastola ya Hillary ikaanguka sakafuni.

"Mzigo wote upo?" redio iliuliza.

"Kasoro pakiti moja."

Mlinzi alikuwa amekalishwa chini, mikono kichwani. Jina lake Mzee Wamalwa. Rispah alichutama mbele yake.

"Mzee, ile pakiti ya chini ya koti iko wapi?"

"Afande, ati hiyo? Wengine hapa wanabeba lori, mimi pakiti moja."

"Iko wapi?"

"Niliweka kwa mahindi yangu. Roselyne amesagisha debe leo."

Rispah alikuwa ameshasimama.

Boma la mzee lilikuwa ng'ambo ya reli. Alikimbia. Chini ya kibanda cha mahindi, kuku watatu walikuwa wamelala miguu juu. Ndani, Roselyne, mkaza mwana wa mzee, alikuwa ameshapakua ugali. Mtoto mdogo ameshika tonge.

Rispah alimkamata mkono, akamkunjua vidole kimoja kimoja.

"Kuna aliyeonja?"

"Bado," Roselyne alisema. "Huyu mkubwa ndiye alikuwa anaombea chakula, na maombi yake ni marefu."

Rispah alimwaga ugali wote chooni, sufuria akaitupa humo humo. Akanawa kwa sabuni, akawanawisha watoto.

"Sasa watakula nini?" Roselyne aliuliza.

"Chochote kisichotoka kwa kibanda hicho. Na wale kuku uwazike."

Redio ilikoroma. "Imeisha?"

"Imeisha."

Aliizima, akashika njia ya kurudi kwenye gari, mikono mfukoni. Nyuma yake, mtoto mkubwa alimuuliza mama yake kama bado aseme amina.