Hawajaambiwa Mwisho

Viti havikukunjika.

Ilikuwa adhuhuri ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa wafu, na filamu ya bure wanayoonyeshwa wafu kila mwaka ilikuwa imekwisha. Pale Tainan, Taiwan, hakuna anayewataja kwa jina hilo. Huitwa 'ndugu wema'. Siok-lan, mkata tiketi wa jumba lile kongwe la sinema, alikiinua kiti kimoja kwa ufagio. Kikashuka tena, kizito, kama kimekaliwa. Harufu ya udongo uliolowa ikampanda puani.

"Tsin-hok!" alimwita mumewe, mwendesha mitambo. "Umewaonyesha filamu gani?"

"Mpya!" Alishuka ngazi akicheka. "Kila mwaka za kizamani tu. Hata maiti huchoka, mke wangu."

Akajitupa kwenye kiti cha mbele ili kumtania. Kicheko kikamkauka.

"Lan," alinong'ona, "kuna mtu amenipakata."

Siok-lan alimvuta mpaka vidole vikamuuma. Wapi! Akakimbilia kwa Mzee Giam, mchoraji wa mabango, aliyekuwa akichora nje kwenye baraza. Mzee alipoingia na kuviona viti, akasimama ghafla.

"Filamu mpya haina neno 'Mwisho'," alimwambia Tsin-hok kwa sauti ya chini. "Za zamani huliandika kubwa, nao wakilisoma huondoka. Hawa hawajaambiwa waende, mjinga wewe!"

"Basi liandike, baba," Siok-lan alimsihi. "Nirudi na mume wangu nyumbani."

Mzee akaandika 'Mwisho' kwa herufi mbili nyeusi za Kichina kwenye ubao, akausimamisha mbele ya pazia.

Kiti cha nyuma kabisa kikakunjika, kap, kikafuata cha pili, kisha safu nzima, kap kap kap, vikija mbele kama mvua ipitayo juu ya mabati, huku baridi ikimpita Siok-lan miguuni kuelekea mlango wa pembeni, na harufu ya udongo ikisogea nayo, hadi kikabaki kiti kimoja tu, nacho kikakunjika, maana Tsin-hok alikuwa amesimama.

"Twende," Siok-lan alilia, akimkumbatia.

Tsin-hok aliutazama ubao. Akausoma polepole, kwa utii. Kisha akaiondoa mikono ya mkewe kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni, akawafuata wenzake.

"Lifute, baba! Lifute!"

Mzee alisugua kwa viganja, rangi ikimfika viwikoni. Mlango ulikuwa umeshajifunga. Siok-lan akausukuma, akatokea juani, mbele ya muuza maji ya miwa.

"Mume wangu ameelekea wapi?"

"Mumeo? Nimekaa hapa tangu asubuhi, dada. Mlango huu ndiyo kwanza unafunguka."