Mguu Usiokosea

Mwalimu wa muziki alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Miaka nenda miaka rudi kazi ni ileile: kuwafundisha watoto wa watu kushika mapigo, na watoto wa watu wanakimbia nayo utadhani wanafukuzwa. Njia yake ilikuwa moja. Darasa zima linakanyaga palepale huku likipiga makofi. Akiinua mkono, wote wananyamaza na kuendelea kuhesabu moyoni. Akiushusha, wanaingia pamoja. Hawakuwahi kuingia pamoja hata siku moja. Aliyeshindikana kabisa alikuwa bintiye mwenyewe, ambaye wenzake walishambandika jina la Mbiombio.

Siku hiyo aliinua mkono, darasa likanyamaza, na mguu mmoja ukaendelea. Ulikuwa nyuma, karibu na kabati la ngoma, na haukukosea hata chembe. Mwalimu alikuwa ameutafuta mguu wa namna hiyo maisha yake yote, jamani, hata hakuuliza ni wa nani.

"Mfuateni huyo," akasema.

Wakamfuata. Mkono uliposhuka waliingia kama mtu mmoja, Mbiombio naye ndani. Machozi yakamlenga mwalimu. Alipokwenda nyuma kumpongeza mwenye mguu, hakukuta mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua.

Tangu hapo darasa halikukosea tena, lakini kila siku mapigo yalipungua kasi, na watoto nao wakapungua. Wakawa wanatembea pole, wanatafuna pole, wanapepesa macho kwa pamoja, mpaka jioni moja mwalimu, akimfunika bintiye shuka, alimwekea kiganja kifuani akasubiri pigo, akasubiri, akasubiri tena hadi akasahau kupumua mwenyewe, na lilipokuja lilikuja sawia na hatua moja nyuma ya mlango.

Mganga aliyemwendea alimsikiliza huku akipiga miayo. Akamwambia huyo ni jini asiye na moyo, huishi kwa mioyo ya watu, na haingii asipokaribishwa; sasa mwalimu alikuwa amemkaribisha kwa kinywa chake. Dawa ni kuvuruga mapigo, kila mtu na lake, mpaka akose pa kukanyaga.

"Atakayeshindwa kukosea," mganga akasema taratibu, "ndiye atakayebaki naye."

Kesho yake wakavuruga. Madawati, ngoma, vifuniko, kelele za kupasua kichwa, na Mbiombio mbele yao akikimbia na mapigo yake ya zamani. Harufu ikazidi, ikachoma macho, kabati likatikisika, kisha harufu ikakatika. Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu akaketi, akamkumbatia bintiye, akausikia ule moyo mdogo ukienda mbio ovyoovyo, na raha aliyoipata haisemeki.

"Mama," mtoto akanong'ona, "mbona mguu wako hausimami?"

Mwalimu akautazama. Akajaribu kuuharakisha, akajaribu kuukosesha, yeye aliyefundisha kutokosea maisha yake yote. Mguu ukakanyaga palepale, sawasawa, polepole kuliko jana.